Funza wa Njoro na Mkono Unaowalisha

Kabla hajamgusa funza hata mmoja, mama huyu hugusa chakula chao. Anaingiza mkono ndani ya karai, anachota konzi moja ya mchanganyiko na kuibana, macho yakiwa kwenye nafasi zilizo kati ya vidole. Maji yakichuruzika, chakula kimelowa kupita kiasi. Donge likimomonyoka mara vidole vinapofunguka, kimekauka. Anachokitafuta ni matone machache yanayojitokeza na kuning'inia bila kudondoka, na donge linaloshikana likabaki na alama za vidole. Kitaalamu, unyevu hapo huwa kama asilimia 60 hadi 70. Anaongeza konzi mbili za pumba, anakoroga kutoka chini kwenda juu, anabana tena. Mara ya tatu anaridhika, anapangusa mkono kwenye leso na kuhamia karai la pili.

Shamba lake liko Njoro, upande wa barabara ya Mau Narok, si mbali na Chuo Kikuu cha Egerton. Anafuga nzi askari weusi, ambao wafugaji wa Nakuru huwataja kwa herufi tatu tu, BSF, na wanasayansi huwaita Hermetia illucens. Asili yao ni bara la Amerika, lakini leo wamesambaa katika nchi nyingi zenye joto. Ni weusi, wembamba, hawaumi wala hawana haja na chakula cha watu. Funza wao hula mabaki ya mimea na samadi, na wakishanenepa huwa malisho ya kuku, nguruwe na samaki. Mengi yameandikwa kuhusu faida yao, na kwa bei ya omena wa malisho ilivyo naelewa kwa nini. Mimi nilikuja kutazama ulishaji wenyewe, kwa sababu funza hakui kwa chakula peke yake. Hukua kwa chakula pamoja na bakteria waliomo ndani ya chakula hicho na wale waliomo tumboni mwake, na mfugaji hodari ni yule anayewalea funza na bakteria kwa pamoja ilhali macho yake yanawaona funza tu.

Kazi huanzia sokoni. Kijana anayemsaidia huteremka hadi soko la Wakulima mjini Nakuru na kurudi na magunia ya majani ya kabichi, ndizi zilizoiva mno, maparachichi yaliyopondeka, viazi vilivyokatwa na jembe na maganda ya mananasi. Mengi ya hayo yangeishia jaa la Gioto, kule kwenye mteremko wa Menengai. Yakifika Njoro humwagwa juu ya turubai, na hapo mama huketi kwenye kigoda na kuchambua. Anatoa mifuko, kamba, vipande vya waya, vibandiko vya bei. Maganda ya machungwa na ndimu huyatenga, na vitunguu hupunguza, kwa kuwa vikizidi funza huvikwepa na kujirundika upande mmoja wa trei.

Kuna vitu viwili havipokei hata akipewa bure. Cha kwanza ni masalio ya pareto. Nakuru ni nyumbani kwa pareto; kiwanda cha kuchakata maua hayo kiko mjini humo, na kilichomo ndani ya ua lile ni sumu ya wadudu inayosifika duniani kote. Cha pili ni mabaki ya waridi kutoka mashamba ya maua ya Naivasha. Ni mengi, ni laini, yanaoza upesi, lakini waridi la kuuza ng'ambo hupuliziwa dawa mara kwa mara. Funza ni mdudu, na dawa haichagui kati ya mdudu mharibifu na mdudu mfugwa. Katika bonde hili lenye mabaki ya kila aina, nusu ya ujuzi wa kulisha ni kujua cha kukataa.

Yaliyopita mtihani hukatwakatwa kwa panga juu ya gogo hadi vipande viwe vidogo kuliko ncha ya kidole. Mdomo wa funza hukwangua, haung'ati. Jani zima la kabichi au kiazi kizima kwake ni ukuta. Hawezi kuuvunja mwenyewe, na utumbo wake peke yake haumudu vizuri nyuzi ngumu zinazozishikilia seli za mmea. Lazima mwingine amtangulie kulegeza. Mtangulizi huyo ni bakteria, na kila panga linapokata, kipande kinaongezewa pande mpya za bakteria kukalia. Nilimtazama mama akikata kwa muda mrefu bila kusema lolote, vipande vikitoka kwa ukubwa uleule, gogo likilowa na kung'aa kwa utomvu.

Kisha mapipa. Yako manne ya plastiki, yamepangwa kivulini kando ya ukuta. Ndani ya kila pipa huenda tabaka la mabaki ya soko, tabaka la machicha ya bia yanayoletwa kwa lori na kuuzwa kwa gunia, kisha konzi kadhaa za pumba ya ngano, ambayo Njoro haikosi. Anashindilia kwa mti ili hewa itoke, anafunika, anaacha siku mbili au tatu. Ndani ya giza hilo, bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki hushika hatamu. Hula sukari ya ndizi na nanasi, hutoa asidi, na ile asidi huwazuia bakteria wengi wa uozo mbaya wasizaliane. Kifuniko kikifunguliwa siku ya tatu, inayopanda ni harufu ya uchachu safi, kali kidogo puani, isiyochefua.

Hatua hii ndiyo iliyonishika kuliko zote, kwa sababu ya jambo dogo ambalo mgeni angelipita bila kuliona. Kila anapotoa chakula kwenye pipa, hamalizi. Hubakiza jagi moja la majimaji ya chini, na hayo ndiyo anayoyamwagia pipa jipya. Ni kanuni ileile ya maziwa ya mursik ya Wakalenjin, ambapo kibuyu hakianzi upya kila mara bali hubeba bakteria wa maziwa yaliyotangulia. Pipa la mama huyu lina ukoo. Waliomo ndani yake wamezoea kabichi, machicha na baridi ya Njoro, na kila pipa linalofuata huanza kazi likiwa na wazoefu tayari. Nilipomuuliza kama aliambiwa na mtu afanye hivyo, alisema aliona tu kwamba pipa lililomwagiwa huwahi kuchacha kuliko lililoachwa.

Wakati mapipa yanachacha, mayai yanatagwa upande wa pili wa ua. Nzi wazima wanakaa kwenye kizimba cha neti kilichosimamishwa palipo na jua la asubuhi. Hawahitaji kulishwa. Maji ya kunyunyiziwa yanawatosha kwa siku zao chache, kama wiki moja, na kazi yao yote katika siku hizo ni kujamiiana na kutaga. Jike haweki mayai juu ya uozo wenyewe. Hutafuta ufa mkavu ulio karibu nao, ili watoto wakianguliwa waangukie penye chakula. Kwa hiyo mama huweka beseni la chakula kilichooza hasa, mbali na kile cha mapipa, akalifunika kwa wavu, na juu yake akapanga vibanzi vya mbao vilivyofungwa kwa mpira, viwili viwili, vikiwa na mwanya mwembamba katikati.

Jike hufikaje pale, kati ya nyufa zote za kizimba? Kwa harufu, na harufu hiyo ni kazi ya bakteria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba bakteria wanaoishi juu ya mayai ya nzi hawa huwaongoza majike wengine mahali pa kutaga. Mama hajausoma, lakini vibanzi vyake havioshi kwa sabuni. Huvikwangua mayai, huvipangusa vumbi, huvirudisha. Kibanzi kipya kabisa, aliniambia, hukaa siku kadhaa hakina kitu, huku cha zamani kikijaa.

Kukwangua kwenyewe ni kazi ya mkono mtulivu. Anafungua mpira, anatenganisha mbao, na katikati panaonekana vishada vya mayai vyenye rangi ya krimu, kila yai likiwa na urefu usiozidi milimita 1. Jike mmoja hutaga takriban 500 kwa mara moja. Anashika wembe mgumu kwa pembe ya kulala, anausukuma polepole kufuata uzi wa mbao, na kishada chote kinajivua kikiwa kizima na kuteleza juu ya karatasi. Akiusimamisha wembe zaidi ya hapo, mayai yanapasuka. Karatasi huwekwa kwenye mizani ndogo ya aina wanayotumia masonara, kwa sababu gramu moja tu hapo ni makumi ya maelfu ya funza, na kosa la nusu gramu litajitokeza baadaye kama trei iliyojaa njaa.

Karatasi ya mayai huning'inizwa juu ya beseni la kitalu. Penye joto la nyuzi 27 hadi 30 mayai huanguliwa baada ya siku nne hivi. Njoro, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, joto hilo halipatikani bila kulitafuta. Kitalu kiko ndani ya chumba kidogo cha nailoni ndani ya banda, na usiku mama huongeza mablanketi ya gunia juu yake. Vifunza vinapoanguliwa ni vyembamba mno, karibu havionekani, na chakula chao hakitoki kwenye pipa. Hupewa chakula cha vifaranga kilicholoweshwa, laini, chenye protini ya kutosha, kwa siku tano za mwanzo. Utumbo wao ni mdogo, haujajaa wasaidizi. Wakipewa uchachu mkali siku hizo wengi hufa. Wakipewa chakula kilaini hupata muda wa kukusanya bakteria wao kidogo kidogo.

Umuhimu wa bakteria hao wa mwanzo ulionekana wazi kwa mdudu mwingine. Mwaka 2014, watafiti wa Marekani walilea viluwiluwi vya mbu bila bakteria hata mmoja, na viluwiluwi hivyo vilikwama katika hatua ya kwanza ya ukuaji, ingawa chakula vilichopewa ni kilekile wanachokulia wenzao wa kawaida. Viliporudishiwa bakteria, vikaendelea. Mama wa Njoro hana maabara ya kumfanya funza awe mtupu hivyo. Anachofanya siku ya tatu ni kuchota konzi ya mbolea kutoka trei iliyokomaa vizuri, ile isiyo na harufu mbaya, na kuinyunyiza kwa vidole juu ya kitalu, nyembamba, kama vumbi. Watoto hupokea bakteria wa kaka zao kwa njia hiyo. Mwaka 2011, jaribio lililofanywa kwa samadi ya kuku lilionyesha kwamba kuiongezea bakteria waliotolewa kwenye utumbo wa funza hawahawa kulifanya funza wakue kwa kasi zaidi na wawe wazito. Nadhani vidole vya mama na jaribio hilo vinasema jambo moja.

Siku ya tano inafika kazi ambayo wafugaji wengi huikwepa: kuhesabu. Vifunza huchekechwa kwa chekeche laini ili vitengane na chakula. Mama anapima gramu moja, anaimwaga kwenye sahani ya samawati, kisha anakaa chini na kuvihesabu kwa brashi nyembamba ya rangi, akivisukuma kumi kumi upande wa pili wa sahani. Ni mamia. Vinatembea, vinapandana, vingine vinarudi vilikotoka. Akipotea anaanza upya, na sura yake haibadiliki. Akipata idadi ya gramu moja, anazidisha kwa uzito wa vyote, na sasa anajua ana vingapi. Mwongozo wa taasisi ya Eawag ya Uswisi, uliotoka mwaka 2017 na kuenea sana miongoni mwa wafugaji, hutumia kipimo cha funza 10,000 wa siku tano kwa kilo 15 za mabaki mabichi, zitakazoliwa kwa siku 12. Mama huanzia hapo, kisha anarekebisha kulingana na msimu. Wakizidi, kila mmoja hupata kidogo na wote hudumaa. Wakipungua, chakula kinachobaki hutekwa na bakteria wa uozo na ukungu, kwa kuwa hakuna miili ya kutosha ya kukipindua.

Chakula cha pipa sasa kinaingia kwenye trei, kina cha vidole vitatu tu, hakizidi, na hakitolewi chote mara moja. Hugawanywa kwa awamu tatu. Ukitia ulichonacho chote siku ya kwanza, tabaka la chini litakosa hewa kabla funza hawajalifikia. Ndani ya saa moja baada ya kutiwa, uso wa chakula unaanza kutetemeka. Ukiinamisha sikio unasikia mchakacho mwembamba usiokatika. Ukiweka kiganja juu yake unahisi joto. Asubuhi ya baridi kali, nje majani yakiwa na umande mzito na pumzi za watu zikionekana, katikati ya trei vidole vyangu vilikuta joto la kuoga. Linatokana na funza elfu kumi wanaosuguana na kumeng'enya, na mabilioni ya bakteria wanaochachusha. Trei zikipangwa kwa kupeana joto hivi, usiku wa Njoro hupita salama. Zikipangwa kwa kubanana mno, joto hupita nyuzi 40 na funza huanza kukimbia, wakipanda kuta za trei wote kwa pamoja. Kwa hiyo katikati ya trei na trei kuna vipande vya mbao vya kuachia hewa, na unene wa vipande hivyo mama huubadilisha mwezi wa Julai na tena Januari.

Anayetaka kuona ustadi wake afuatane naye anapopita kunusa. Kila alfajiri hupita mbele ya trei akiinama, pumzi moja kwa kila trei. Uchachu ni sawa. Harufu ya udongo uliolowa ni nzuri zaidi, ina maana chakula kinakaribia kuisha. Asubuhi moja alisimama mbele ya trei iliyoonekana kwangu haina tofauti na jirani zake, akarudi nyuma nusu hatua, akainusa tena. Amonia. Mimi niliipata baada ya kuelekezwa, uchungu mwembamba unaogusa nyuma ya macho.

"Machicha yamezidi hapa," alimwambia kijana.

"Nilipima ndoo moja, Mama."

"Ndoo ya machicha makavu au yaliyolowa?"

Kijana akanyamaza, kisha akaenda kuleta magunzi yaliyosagwa. Machicha yana protini nyingi. Yakizidi, bakteria huivunja protini ambayo funza hawakuiwahi, na nitrojeni yake hutoka kama amonia, ambayo huwaunguza funza na kupotea hewani badala ya kuwa nyama. Mama alinyunyiza magunzi na maranda kidogo, akaingiza vidole vyote kumi hadi chini na kuinua, kuinua, kuinua, akipitisha hewa, bila kuwaponda waliomo. Funza walimwagika kati ya vidole vyake. Jioni trei ilikuwa imerudi kwenye uchachu.

Yanayotendeka ndani ya funza wakati huo hayaonekani kwa jicho, lakini yamechunguzwa. Utumbo wake wa kati una sehemu tatu. Ya kwanza asidi yake ni hafifu. Ya pili ni tindikali kali, pH ikishuka hadi kama 2, na humo kuna kimeng'enya cha lisozimu kinachopasua kuta za bakteria. Wengi waliomezwa na chakula hufia hapo na kumeng'enywa, yaani aliyelegeza kabichi kwenye pipa naye huliwa. Sehemu ya tatu ni ya alikali, na huko waliookoka huzaliana tena. Watafiti wa Italia walieleza mwaka 2019 kwamba kadiri unavyoelekea mwisho wa utumbo, aina za bakteria hupungua huku idadi yao ikiongezeka, na kwamba chakula kikibadilishwa jumuiya hiyo nayo hubadilika. Ukimlisha mboga ana wakazi hawa. Ukimlisha samaki ana wengine. Mfugaji anayebadilisha chakula ghafla katikati ya ukuaji anawalazimisha wakazi wa utumbo wahame wakati mwenye nyumba ana njaa. Mama hubadilisha kwa robo, robo, robo, na sasa najua kwa nini.

Alinionyesha trei mbili za umri mmoja, mayai ya siku moja, kitalu kimoja. Ya kwanza ilikuwa na mchanganyiko wake kamili: mabaki ya soko, machicha, pumba. Ya pili ilipewa kabichi na sukuma wiki tu, kwa kuwa wiki ile machicha hayakutosha, naye akaamua trei moja ikose kabisa kuliko zote kupungukiwa. Funza wa kwanza walikuwa wanene, weupe wa krimu, wenye urefu wa sentimita 2 na ngozi iliyotuna. Wa pili walikuwa hai na wachangamfu, lakini wembamba, na wengine walikuwa nusu ya urefu huo. Funza aliyelishwa vizuri penye joto humaliza ukuaji wake kwa wiki mbili au tatu. Aliyelishwa maji na nyuzi huchelewa kwa majuma, akingoja akiba yake ifike kipimo kinachohitajika, na uvumilivu wa mdudu huyu katika kungoja huko ni mkubwa. Mama hakuitupa trei ile. Aliiongezea pumba ya ngano kidogo kidogo na kuitengea rafu ya juu, penye joto zaidi.

Ukubwa huo una uzito wake, kwa kuwa nzi mzima halishwi. Mafuta yote atakayorukia, na mayai yote atakayotaga, yamewekwa mwilini mwake alipokuwa funza. Jike aliyetoka kwenye trei ya kabichi atataga machache kuliko dada yake wa trei ya machicha. Ndiyo maana wazazi wa kizazi kijacho hawachukuliwi kutoka trei iliyobaki baada ya mauzo. Mama huwatenga mapema, kutoka trei bora, kabla hajauza hata kilo moja.

Wengine huvunwa wakiwa bado weupe, kabla ngozi haijawa ngumu. Humwagwa kwenye chekeche la waya, mbolea inapita chini, nyeusi na ya chembechembe, na itaenda kwenye shamba la viazi. Funza waliobaki juu huoshwa na kuchovywa kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache, kisha huanikwa juani kwenye trei za neti. Hapa mama ni mkali. Inajulikana kwamba funza hawa hupunguza bakteria kama Salmonella katika samadi wanayoila, lakini kupunguza si kumaliza, na anayelisha kuku wa jirani hana ruhusa ya kubahatisha. Shirika la viwango la Kenya, KEBS, lilitoa kiwango cha wadudu wakavu wa malisho mwaka 2017, na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe pale Kasarani, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kilichapisha mwaka 2020 uchunguzi wa bakteria wa matumbo ya funza hawa kwa kuangalia usalama huohuo. Sufuria ya mama haina kipimajoto. Anasubiri maji yarudi kuchemka baada ya funza kuingia, ndipo anaanza kuhesabu dakika.

Waliotengwa kuwa wazazi huachwa waendelee. Ngozi yao inageuka kahawia, kisha nyeusi. Utumbo unajisafisha, mdomo uliokuwa wa kulia unageuka ndoano ya kujivutia, na usiku wanaanza kutoka kwenye chakula wenyewe, wakipanda ubao ulioinamishwa hadi kwenye ndoo kavu yenye maranda. Mama huwafunika, giza, hadi wawe nzi. Huchukua wiki mbili na zaidi, na kukiwa na baridi huchukua muda mrefu zaidi. Hakuna cha kufanya hapo isipokuwa kutogusa, na hilo analifanya kwa umakini uleule anaokatia kabichi.

Siku niliyoondoka alikuwa na daftari mapajani, akiandika tarehe, idadi ya funza, ndoo za kila kitu, na harufu ya kila trei kwa neno moja: chachu, udongo, kali. Msimu wa viazi ulikuwa unakaribia kule Mau Narok, na maganda yangeanza kuja kwa magunia. Viazi vina wanga mwingi na protini kidogo. Alimwambia kijana waanze na trei mbili tu, robo ya chakula iwe maganda, tena yapitie pipa siku tatu kamili, na zile nyingine zisiguswe mpaka hizo mbili zivunwe na kupimwa.

"Na pipa, Mama, nilioshe kwanza?"

"Suuza kwa maji tu. Na jagi la chini usilimwage."